Siku Tatu Zilizokosa Tarehe

Namna nilivyofika Ukadiri haina faida kwa msomaji. Niliitwa kwa barua, nikaenda, nikakaa siku kumi na moja. Jina langu ni Sikudhani, na kazi yangu ni kuhudumia kompyuta zile zisizo na picha wala madoido, zinazopokea amri kwa maandishi na kujibu kwa maandishi. Kila ninaposimulia niliyoyaona huko, watu hudhani natania. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika kama yalivyokuwa.

Ukadiri ni bonde refu lenye mto mzito, mto unaokwenda taratibu hata jani likianguka majini asubuhi, wakazi wa chini hulingoja mpaka jioni. Siku niliyoingia jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya vilima, na ukungu ulikuwa ukijikunja kutoka mashambani. Wakulima walikuwa wameketi kwenye kingo za mashamba yao, majembe mapajani, wakiutazama umande unavyokauka. Hakuna aliyekuwa akilima. Nilimsalimu mmoja, nikamwuliza wanamsubiri nani.

"Tunasubiri alfajiri," alisema.

Nililitazama jua. Yeye hakulitazama.

"Sasa hivi ni saa kumi ya usiku," akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kushika jembe kabla ya saa kumi na mbili ni kosa."

Nilikuja kujua kwamba katika nchi ile hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa na saa. Yangu ilichukuliwa langoni, ikafungwa kitambaani, ikawekwa kando kwa adabu kama mtoto aliyelala. Saa ya nchi nzima inatoka katika jengo moja, Nyumba ya Saa, na inawafikia watu kwa vipaza sauti vilivyotundikwa juu ya nguzo katika kila mtaa. Sauti ile si ya mtu. Ni ya mashine, nyororo, haina haraka, na ikitaja saa watu wote husimama kidogo. Kisheria, saa ni ile iliyotajwa. Jua na kivuli vinahesabiwa kuwa mashahidi wasioaminika. Pale sokoni nilimwona ofisa mmoja, Afisa Vivuli, akibandika tangazo la siku: "Leo kivuli kinatarajiwa kuwahi kwa saa tatu. Wananchi wasikifuate."

Kwa sababu hiyo watu wa Ukadiri huishi kama walioamshwa katikati ya ndoto. Watoto huingia shuleni jua likiwa kali na hutoka giza likiwa limeingia. Chakula cha mchana huliwa vivuli vikiwa virefu. Mtu akizungumza nawe huweza kunyamaza katikati ya neno, macho wazi, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Sikuona ugomvi hata mmoja barabarani. Ugomvi unahitaji mtu aliyeamka.

Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Farijala, Mshika Saa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miaka kama sitini kasoro, aliyevaa kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama moshi. Alikuwa ameitumikia mashine ile tangu ujana wake, naye aliizungumzia kwa sauti ya chini, kama tunavyozungumza karibu na mtu mwenye homa. Alinipeleka kwenye chumba cha mashine, ndani ya Nyumba ya Saa. Ilikuwa sanduku la kijivu tu, kioo cheusi, na kibodi ambayo herufi zake nyingi zilikuwa zimefutika kwa kuguswa.

"Nimeitwa kuirekebisha saa?" nilimwuliza.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Saa haina tatizo kisheria. Umeitwa kwa ajili ya mstari huu."

Akaandika neno moja, na kioo kikajibu kwa mistari mitatu. Wa kwanza ulitaja tarehe, wa pili ulitaja saa. Wa tatu ulisema: *Betri imekwisha. Sina uhakika.*

"Inauandika kila asubuhi," alisema Mzee Farijala. "Mheshimiwa Waziri wa Majira anataka usionekane tena."

Nilikuwa bado namtazama usoni nione kama ana la kuongeza, wanawake wawili walipoingia chumbani kuulizia cheti, wakifuatana na karani. Mmoja alikuwa na miaka arobaini na kitu, amejifunga kanga mbili za rangi iliyopauka. Wa pili alikuwa binti wa miaka kumi na minane au tisa, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka na macho ya kutazama chini. Mbele ya karani yule mama alimgeukia binti, akainamisha kichwa, akasema:

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu binti.

Karani aliandika kitu kwenye daftari, akaondoka. Mara tu mlango ulipofungwa, yule mama alimshika binti mkono na hakuuachia.

"Usitushangae, dada," aliniambia. "Mimi ni Mwamize, na huyu ni mwanangu Zamoyoni. Nimemzaa mimi mwenyewe. Lakini kwa vyeti, ananizidi miaka kumi na mitano."

Walinisimulia yaliyowapata, naye Mzee Farijala alisimama dirishani akitupa kisogo muda wote.

Miaka kumi na tisa nyuma umeme ulikatika nchi nzima. Mashine ikazimika. Ndani ya mashine kama ile kuna saa mbili: ile ya nje inayoonekana na kutajwa, na nyingine ndogo ya ndani, inayolindwa na betri isiyozidi kifungo cha shati, ambayo kazi yake ni kukumbuka tarehe na saa wakati mwenzake amelala. Betri ile ilikuwa imekufa bila mtu kujua. Umeme uliporudi, mashine iliamka haina kumbukumbu, na kama zifanyavyo mashine zote za aina ile, ilianza kuhesabu kutoka Siku ya Mwanzo, miaka arobaini na moja kabla. Ilikaa hivyo siku tatu. Siku ya nne Baraza la nchi liliona haya, likapiga kura, likaiwekea tarehe kwa wingi wa mikono. Likaamuru pia umeme wa Nyumba ya Saa usikatike tena milele.

Lakini yaliyogongwa muhuri katika siku zile tatu yalibaki kama yalivyogongwa. Zamoyoni alizaliwa siku ya kwanza kati ya hizo. Cheti chake kilisema amezaliwa miaka arobaini na moja kabla ya kuzaliwa kwake. Alipokuwa na miaka miwili aliitwa kupiga kura. Mama yake alimbeba mgongoni, wakakibonyeza kidole gumba chake kwenye wino. Alipofika miaka saba shule ilimkataa, kwa kuwa mtu wa miaka arobaini na minane hawezi kuketi na watoto. Alijifunza kusoma kwa matangazo ya vivuli. Na sheria ya heshima kwa wakubwa ilimtaka mama yake amwamkie kila wanapokuwa mbele ya ofisa.

"Hayo yote tumeyavumilia," alisema Mwamize. "Ila sasa ametimiza sitini."

Nilimwuliza sitini ina nini.

Zamoyoni ndiye aliyejibu. "Wenye sitini wanavushwa daraja. Ng'ambo kuna Nyumba ya Mapumziko. Ukivuka hurudi, kwa sababu ukirudi utachoka tena. Wamesema Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Ni mahali pabaya?"

"Wanasema pazuri sana," alisema. "Kuna viti. Watu wanakaa. Mimi sijachoka, dada. Hakuna kazi niliyowahi kuruhusiwa kuifanya ikanichosha."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kwa muda uliobaki siku ile niliketi mbele ya kioo cheusi. Kazi ya namna hii haina ajabu kwa anayeijua. Unauliza, unajibiwa, unaamuru, unatiiwa au unakataliwa na kuambiwa sababu. Niliandika *onyesha hali*. Mashine ikajibu kwa uaminifu. Saa ya nje ilikuwa nyuma ya jua kwa saa tatu na dakika nane. Saa ya ndani ilikuwa imesimama. Eneo la nchi kwenye ramani ya majira lilikuwa halijawekwa. Nilipojaribu kuisogeza saa hata kwa dakika moja, ilinijibu: *Siwezi. Ninamfuata mwingine.*

"Inamfuata nani?" nilimwuliza Mzee Farijala.

"Mashine ya Wizara. Kila baada ya dakika chache hii yetu huiuliza ya kule ni saa ngapi. Ndiyo sababu tuna hakika. Hazijawahi kupishana hata sekunde."

Nilimwomba anipeleke Wizarani kesho yake. Mashine ya huko ilikuwa safi zaidi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikaiuliza yenyewe inamfuata nani. Ikajibu: *Nyumba ya Saa.*

Kwa miaka kumi na tisa mashine mbili zilikuwa zikiulizana saa na kukubaliana, na kila siku zote mbili zilichelewa pamoja kwa sekunde moja na nusu na ushei. Sekunde moja na nusu hakuna mtu anayeisikia. Waziri mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, Mheshimiwa Shekue, mtu mnene wa sauti tamu. Nilimweleza niliyoyaona.

"Kwa hiyo unakiri kwamba zinakubaliana," alisema.

"Zinakubaliana, Mheshimiwa. Lakini zote mbili haziko sawa na jua."

"Jua liko peke yake," alijibu. "Sisi tuna mashine mbili."

Jumatano Baraza lilikutana kunisikiliza. Wajumbe wa Ukadiri huketi kwa utaratibu wa ukongwe: aliyeteuliwa zamani zaidi huketi kwenye jukwaa mbele, na mgeni kuliko wote hukaa karibu na mlango, penye upepo. Wengi walikuwa wameegemea mito, macho nusu. Mheshimiwa Shekue aliketi mbele kuliko wote. Mzee Farijala aliyekuwa kando yangu aliniambia kwa kunong'ona kwamba Waziri aliapishwa siku ya kwanza kati ya zile siku tatu, asubuhi ile ile aliyozaliwa Zamoyoni. Kwa hati yake, alikuwa na utumishi wa miaka sitini. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilipaswa kulielewa mapema: anayemrudishia binti umri wake anamwondoa Waziri kwenye jukwaa.

Niliwaambia wajumbe kwamba saa inaweza kurekebishwa kwa amri tano. Wakaanza kujadiliana, na ninayaeleza mazungumzo yale kama nilivyoyasikia.

Mjumbe mmoja aliuliza: ikiwa saa itarushwa mbele kwa saa tatu na dakika nane, mambo yaliyopangwa kufanyika ndani ya saa hizo yatafanyika wapi? Yeye alikuwa na hotuba. Mwingine alihofu kuhusu wafungwa, ambao wangetoka mapema kuliko walivyostahili kwa kipimo hicho hicho, na kuhusu wagonjwa, ambao wangekufa mapema. Wa tatu, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, alisema watu wameshazoea kula mchana jioni, na kwamba desturi ikiondolewa ghafla huacha shimo. Waliafiki hilo kwa kutikisa vichwa. Baada ya mapumziko waliyoyalala wote, walifikia uamuzi kwamba saa irekebishwe, ila kwa huruma: sekunde moja kila siku, ili mtu yeyote asisumbuke.

Niliomba ruhusa ya kusema. Nikawaeleza kwamba saa inachelewa sekunde moja na nusu kila siku, na kwa hiyo ikiongezwa sekunde moja kila siku itaendelea kuchelewa, ila kwa mwendo mdogo zaidi.

Walinishukuru. Maneno yangu yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kisha Mwamize akaitwa. Alisimama katikati ya ukumbi na hakuegemea kitu.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikuwepo alipozaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mvua ilikuwa inanyesha. Sijui tarehe, maana siku zile hakuna aliyejua. Lakini mwanamke hawezi kumzaa mtu aliyemtangulia."

"Una shahidi?" Mheshimiwa Shekue aliuliza, na ninakiri kwamba hakuuliza kwa ukatili.

"Mimi mwenyewe," alisema Mwamize. "Na yeye."

"Sheria inajua shahidi mmoja tu wa wakati. Mashine iliandika. Mashine ikiyakana maandishi yake, tutayafuta. Isipoyakana, sisi ni nani?"

Hapo nilisimama tena, nikasema mashine imeyakana. Imeyakana kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Ninayo kumbukumbu yake yote, niruhusiwe kuisoma. Kwa mara ya kwanza nilimwona Waziri akiwa ameamka kabisa.

"Saa hutajwa," alisema. "Kumbukumbu ni minong'ono ya mashine ikiwa peke yake. Si adabu kuisikiliza." Na Baraza likaahirishwa.

Tulirudi Nyumba ya Saa kwa miguu, mimi na Mzee Farijala. Alipofika aliketi kwenye kiti chake, akaweka vidole juu ya kibodi bila kuibonyeza. Nilimwambia ninazo amri zote, lakini mashine haimtii mgeni. Inataka neno la siri la mwenye mamlaka, na neno hilo analo yeye peke yake.

"Najua," alisema.

"Mzee, kesho ni Alhamisi."

"Najua, mwanangu. Nenda ukapumzike."

Sikumlazimisha. Nimejilaumu baadaye kwa kutomlazimisha, na nimejilaumu pia kwa kudhani kwamba hakuna alichokuwa akiwaza.

Alhamisi niliandamana na Mwamize na Zamoyoni hadi darajani. Saa nne yao ilikuwa saa saba ya jua, na joto lilikuwa limelala juu ya maji. Daraja ni la kamba na mbao, jembamba, linalobeba mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ng'ambo kulikuwa na nyasi za kijani zilizokatwa vizuri na viti vyeupe vingi vikiuelekea mto. Nilikaza macho. Kwenye viti waliketi wazee, mikono magotini. Lakini kati yao, hapa mmoja na pale wawili, waliketi vijana. Niliwahesabu nikafika kumi na wanane. Walikuwa wamekaa kama wale wazee, mikono magotini, wakiutazama mto.

"Ni wenzangu wa siku zile tatu," alisema Zamoyoni. "Wamenitangulia wiki hii. Jina langu lilikuwa mwisho wa orodha."

Askari wa daraja alikuwa mwanamke wa makamo mwenye funguo kiunoni. Alimtazama Zamoyoni, akatazama cheti, akamtazama tena. Halafu akatazama kipaza sauti kilichokuwa juu ya nguzo, kwa kuwa hakuweza kufungua kabla ya saa kutajwa. Mwamize alikuwa amemfungia mwanawe chakula kwenye jani la mgomba. Alikifungua, akakifunga tena, akakifungua.

Kipaza sauti kilikoroma kidogo kama kawaida yake. Kisha ile sauti nyororo ikasema, kwetu pale na katika mitaa yote ya Ukadiri:

"Nimeamka. Sijui ni siku gani. Betri imekwisha. Ninaanza kuhesabu mwanzo kwa kuwa sina pa kuanzia pengine."

Ikasoma asubuhi iliyofuata:

"Siku ya pili. Betri imekwisha. Sina uhakika. Siku ya tatu. Betri imekwisha. Sina uhakika. Siku ya nne. Nimepewa tarehe. Sijui imetoka wapi. Betri imekwisha. Sina uhakika."

Iliendelea. Ilisoma kila asubuhi ya miaka kumi na tisa, moja baada ya nyingine, bila kupandisha wala kushusha sauti. Sokoni, waliokuwepo waliniambia baadaye, watu walisimama kama wanavyosimama saa inapotajwa, wakingoja ruhusa ya kuendelea, na ruhusa haikuja. Mwishowe mtu mmoja aliinua uso akalitazama jua. Kisha wakalitazama wengi.

Askari wa daraja alisikiliza mpaka alipochoka kusimama. Alimrudishia Zamoyoni cheti.

"Mimi nimeapa kufuata mashine," alisema. "Mashine imesema haijui. Basi na mimi sijui. Nenda na mama yako."

Zamoyoni hakuondoka. Aligeuka akaita ng'ambo, jina moja, kisha jingine. Wale vijana walikuwa wamekwisha simama kutoka kwenye viti vyao. Nao walikuwa wamesikia. Walianza kuvuka mmoja mmoja kwa kuwa daraja halikubeba zaidi, na wa kwanza alipokanyaga upande wetu alicheka kwa aibu. Zamoyoni alimpa kile chakula chote. Halafu, mbele ya askari na funguo zake, alimgeukia Mwamize na kumwamkia kama mtoto anavyomwamkia mama. Mwamize alifungua mdomo kujibu, ikawa kilio.

Niliwaacha pale nikakimbilia Nyumba ya Saa. Nilimkuta Mzee Farijala kwenye kiti chake na Mheshimiwa Shekue amesimama mbele yake. Sauti ilikuwa bado ikisoma. Ilikuwa imefika mwaka wa sita.

"Nani amekupa ruhusa?" Waziri aliuliza.

"Sikuiomba, Mheshimiwa. Nilikuwa na neno la siri miaka yote hii. Nilidhani nimepewa kulitunza tu."

Waziri aliketi sakafuni, mtu mnene yule, bila kutafuta kiti. "Miaka kumi na tisa nimekuwa mkongwe," alisema. "Sijui namna ya kukaa karibu na mlango." Kwa kweli nilimhurumia.

Baraza lilikutana kabla ya machweo na lilikubali kila kitu haraka, kwa sababu watu walikuwa wameanza kwenda nyumbani bila kutangaziwa. Tuliifanya kazi Ijumaa asubuhi, Mzee Farijala akiandika na mimi nikimsomea. Kwanza tuliiamuru mashine iache kuifuata ya Wizara. Tukaweka eneo. Tukafungua njia ya nje iliyokuwa imezibwa kwa sheria, ili ifuate mashine za mbali ambazo huchukua saa zao kutoka juu angani. Tukabadilisha betri. Hatimaye tukaitaka ile saa ya nje imwambie mwenzake wa ndani ilichojifunza, ili siku ikilala tena iamke na kumbukumbu. Katika amri ya mwisho mashine iliuliza: *Una hakika?* Mzee Farijala aliandika: *Ndiyo.* Kisha saa ikaruka, na Ukadiri ikapoteza saa tatu na dakika nane. Wajumbe waliandika katika kumbukumbu zao kwamba saa hizo zililalwa.

Jumamosi Mzee Farijala aliachishwa kazi, kwa kuwa sheria aliyoivunja ilikuwa bado ipo asubuhi alipoivunja. Alikunja kanzu zake mbili, na kesho yake alfajiri akaniomba nimsindikize kwa Mwamize. Njiani tuliwapita wakulima wakiwa wameinama mashambani, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza.

Tulimkuta Mwamize uani. Hakumkaribisha, lakini aliweka kigoda, naye mzee akakaa. Zamoyoni alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Mzee ndiye aliyeanza.

"Nimekuja kusema jambo moja. Siku umeme uliporudi, mimi ndiye niliyekuwa chumbani. Niliona mashine imekosea. Umeme ulikatika Jumapili, na nilikuwa nimekaa gizani nikihesabu. Nilijua siku ni ipi. Mheshimiwa alikuwa mlangoni anasubiri kuapishwa. Akasema, iache, itajirekebisha. Sheria ilisema Mshika Saa haruhusiwi kuandika tarehe kutoka kichwani mwake. Nikaiacha. Ningeandika mstari mmoja tu."

"Ulijua," alisema Mwamize.

"Nilijua."

"Ulituona tukipita hapo mlangoni kwako. Miaka yote. Ulinisikia nikimwamkia."

"Niliwasikia."

Mwamize aliingia ndani. Tulisikia akisogeza vyombo. Mzee alishika magoti yake ainuke, na Zamoyoni akaweka ungo chini.

"Babu," alisema, "ngoja kwanza. Mama anakumbuka mvua tu. Ilikuwa siku gani?"

Mzee Farijala alikaa tena. Alitazama mikono yake, na alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayemrudishia mwenyewe kitu kinachovunjika.

"Ilikuwa Jumanne," alisema. "Tarehe tisa, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya kucha, ikakatika kama saa tatu, jua likatoka. Nakumbuka kwa sababu nilifungua dirisha, na kutoka nyumba za huku chini nikasikia mtoto analia."

Zamoyoni aliirudia tarehe ile kwa sauti ndogo. Kisha akaingia ndani kumwambia mama yake.